Ampli Inayojipenda

Nikienda sokoni kununua nyanya, siongei. Naonyesha kwa kidole, naitika kwa kichwa, nafungiwa naondoka. Nikifungua kinywa tu, mama anayeuza ananyamaza, ananitazama, na usoni kwake naona anapitisha haraka haraka majina ya watu wake walio wagonjwa. Sauti yangu inajulikana mji mzima wa Bunia, na si kwa mema. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza misiba kwa gari: nimekaa kiti cha mbele na maikrofoni mkononi, mume wangu kwenye usukani, na juu ya paa vipaza sauti vinne vya bati vimefungwa kwa waya, viwili vikitazama mbele na viwili nyuma. Watoto wa mtaa wa Mudzipela walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kama nikipiga chafya pia kuna mtu anakufa.

Naandika haya kwa sababu ya msiba mmoja tu kati ya yote niliyoitangaza, na kwa sababu ya mashine mbili ambazo watu wa magari na muziki hawachoki kuzibishania: ampli ya zamani ya kukuzia sauti na ile ya kisasa. Nimewasikia mafundi wa hapa mjini wakigombana juu ya jambo hilo mpaka chai inapoa. Mimi pia nilikuwa na upande wangu, na niliutetea kwa kichwa kigumu.

Ampli ya zamani aliileta mume wangu kutoka Aru kabla hatujaoana. Gari moja lililotoka upande wa Uganda lilikuwa limepinduka karibu na mpaka, na mwenyewe akaliuza vipande vipande pale pale kando ya barabara. Watu walikimbilia matairi, vioo na betri. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa teksi mwenye suruali mbili, alichukua ampli. Aliipakata juu ya lori siku mbili mpaka Bunia, na mapaja yakamvimba, maana kitu kile kilikuwa kizito kuliko mtoto wa mwaka mmoja. Kilikuwa cheusi, chenye mbavu za alumini pande zote mbili za kutolea joto, na juu yake pameandikwa wati hamsini kila upande, basi. Hakikujisifu.

Jumapili baada ya ibada alikuwa akiifungua na kuipiga brashi. Ndani mlikuwa mmejaa: duara kubwa la nyaya za shaba, transista zimekazwa kwa skrubu ukutani, na kondensa mbili nene kama magunzi ya mahindi. Hukupata nafasi ya kuingiza kidole. Aliniita nitazame, na mimi nilitazama, kwa sababu nilikuwa nimeolewa karibuni na bado nilikuwa na subira. Na nikubali ukweli: kwa muziki, haikuwa na mwenzake. Gita la zamani likipita mle ndani, ulisikia ukucha ukigusa uzi. Besi haikukupigia kelele. Ilikuja ikakaa nawe kwenye kiti. Kuna abiria waliofika mlangoni kwao wakamwomba azunguke mtaa mara moja tena kabla hawajashuka.

Ilikuwa na kasoro moja, ilivuma. Ukiwasha gari ulisikia mvumo wa chini chini ambao haukukoma mpaka uzime. Mume wangu alibadilisha nyaya, akaifunga huku, akaifunga kule, ikavuma tu. Mwishowe akauzoea mvumo ule na kuupenda. Mimi sikuuzoea.

Vita vilipofunga barabara za Djugu, abiria walipungua na teksi ikawa inalala nyumbani. Siku moja kanisa letu lilituomba tutangaze msiba mitaani, kwa kuwa gari letu lilikuwa na sauti. Mume wangu alijaribu kusema mwenyewe. Alipofika kwenye jina la marehemu koo likamziba, akabaki ameshika maikrofoni kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Nikamnyang'anya. Mimi koo langu halizibi. Nimekulia Gety kwenye familia ya wakulima, na huko ukitaka mtu wa shamba la ng'ambo akusikie, unaita mpaka akusikie. Tangu siku hiyo yeye akawa wa kuendesha na mimi wa kusema.

Kazi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Familia inatupa orodha ya mitaa ambako marehemu ana watu wake. Tunapita kote, kisha tunakwenda moja kwa moja msibani. Kabla jeneza halijafungwa, mkubwa wa familia anatuita mbele ya watu wote na kutuuliza kama tulifika. Tunamtajia mitaa mmoja mmoja. Nikisema Nyakasanza wamesikia, basi wamesikia, na asiyekuja ni kwamba hakutaka kuja. Nikisema njia ya Bankoko ilifungwa na hatukufika, wanangoja. Nimeona jeneza likingoja saa mbili nzima kwa neno langu. Hapakuwa na karatasi wala saini, ni neno la mtu wa gari tu, na watu walilala na kuamka juu ya neno hilo. Nilijivunia jambo hili kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Ampli ya zamani nilianza kuichoka pale magari mengine ya matangazo yalipoanza kuonekana mjini. Vijana wale walikuwa na mashine mpya, sauti yao ilitoka safi, na wakinyamaza palikuwa kimya kabisa. Yetu ikinyamaza ilivuma. Jina la marehemu lilitoka na mvumo chini yake, na mimi nilisikia aibu kana kwamba nimekwenda kanisani na sketi iliyofumuka. Isitoshe ilikula betri. Kwenye msiba wa mke wa mchungaji mmoja gari lilikataa kuwaka, tukalisukuma mbele ya waombolezaji, mimi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Vipuri vyake havikupatikana tena. Mume wangu alikuwa akiviokota kwenye redio zilizokufa. Siku ile tulipofika nyumbani nilimwambia anapenda chuma chakavu kuliko mke wake. Hakujibu. Huwa hajibu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Mfanyabiashara mmoja anayekwenda Aru kila wiki ndiye aliyetuletea ampli mpya. Ilikuwa na taa ya buluu, na juu yake pameandikwa maelfu ya wati kwa herufi za dhahabu. Mume wangu aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Mama, hii iko mwepesi sawa kisanduku ya biskuti," alisema. "Hizo nguvu zote iko inazitoa wapi?"

Aliifungua. Nusu ya sanduku ilikuwa tupu. Upande mmoja kulikuwa na kibao kidogo na vipande vidogo vidogo vimebandikwa juu yake, na upande wa pili hewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia aifunge garini ikajaribiwe, tukaenda uwanjani, nikasema maneno mawili matatu, na sauti yangu ikatoka safi kama nilivyokuwa nikiisikia kichwani mwangu miaka yote ile. Nikanyamaza, nikamwambia asikilize. Alisema hasikii kitu. Nikamwambia hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta. Alijaribu wimbo mmoja, akauzima kabla haujafika katikati, akasema ni kama gita linapigwa kwa jirani. Nikamjibu kwamba marehemu hawachezi dansi. Ile ya zamani akaipeleka nyumbani, akaiweka juu ya kabati.

Wiki ya tatu, mchana, tukiwa tunapanda kuelekea Sukisa, taa ya buluu ikageuka nyekundu na sauti ikakatika. Baada ya dakika kumi ikarudi yenyewe. Fundi alitueleza kwamba mashine hizi zimetengenezwa hivyo. Zikisikia joto limezidi au betri imelegea, zinajizima ili zisiungue, na vile vipaza sauti vyetu vinne viliitwisha mzigo kuliko maandishi yake ya dhahabu yalivyodai. Ya zamani haikujua kujizima. Ingeendelea kusema mpaka itoe moshi. Mimi nilisema hiyo ndiyo akili. Mume wangu aliigusa ile taa kwa kidole.

"Ile ya zamani ingekufa pamoja na weye," alisema. "Hii inajipenda."

Nilikwenda kuwahadithia majirani kama mzaha, na tukacheka sana. Tukajifunza kuipumzisha kati ya mtaa na mtaa, na kwa miezi kadhaa mambo yakaenda vizuri.

Msiba ninaouzungumzia ulikuja wakati wa kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye sahani. Marehemu alikuwa msichana aliyekuwa akijifunza ushonaji, akaugua siku chache tu. Alikuwa anakaa hapa mjini kwa baba yake mdogo. Baba yake mzazi alikuwa amekufa zamani. Mama yake alikuwa hai, anaishi kwenye kambi ya waliokimbia vita, pembeni ya mji, tangu kijiji chao upande wa Djugu kilipochomwa moto. Kati ya mama yule na shemeji yake, yaani huyo baba mdogo, palikuwa na ugomvi wa miaka, kwa sababu mumewe alipokufa shemeji alitaka kumrithi kama desturi ilivyotaka, na mama akakataa mbele ya watu. Tangu hapo hawakusalimiana. Mtoto alikwenda kwa mama yake Jumapili na kurudi kwa baba mdogo Jumapili hiyo hiyo.

Huyo baba mdogo ndiye aliyetuita. Alitupa mitaa saba, na wa mwisho kwenye orodha ukawa kambi. Mazishi yalikuwa saa tisa siku ile ile, maana mwili ulikuwa umeshakaa siku mbili na joto halikuruhusu zaidi. Nilimwuliza kwa nini asitume mtu wa pikipiki amchukue mama wa marehemu, maana simu hana, aliipoteza akikimbia. Uso ukambadilika. Alisema yeye hawezi kumtumia mtu mwanamke yule, gari linatosha.

"Lakini kule kambini mufike kabisa," alisema. "Asikuje kusema hatukumuita."

Tulianza asubuhi. Nyakasanza tulichelewa, kwa sababu wenzake marehemu wa darasa la ushonaji walitoka barabarani na kusimamisha gari wakitaka kuuliza kama ni yeye kweli. Nilipaswa kuipumzisha ampli kabla ya kambi. Sikuipumzisha. Tulifika kambini saa saba na nusu, jua limesimama, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya vumbi, gari likinguruma kwenye mashimo. Safu ya kwanza ya mahema iko kando ya barabara, milango yake inatazama magari. Nikaanza kusema. Nilitaja familia, nikataja jina la msichana, nikataja baba yake na mama yake, nikataja saa. Tulikuwa tumeimaliza safu yote ndipo mume wangu akanigusa mkono na kuonyesha chini ya dashibodi. Taa ilikuwa nyekundu. Sijui ilikuwa nyekundu tangu lini. Mvumo wa ile ya zamani ukikatika, ungejua papo hapo, tumboni, hata kama umefunga macho. Hii haikuwa na sauti ilipokuwa hai, kwa hiyo haikuwa na sauti ilipokufa.

Mume wangu alisimamisha gari. Alisema tuna mambo mawili: tungoje ipoe, au nishuke nipite kwa miguu kati ya mahema nikiita kwa kinywa changu, naye atapita upande wa pili ajaribu, hata kama koo litamziba. Ningeweza. Nasema wazi kwamba ningeweza, sauti nilikuwa nayo na muda nilikuwa nao. Nusu saa ingetosha. Lakini watu walikuwa wameanza kututazama, na mimi nilijiona nikishuka na vumbi usoni, mama wa gari la matangazo anayepiga kelele kama muuza maandazi. Hiyo ilikuwa aibu ndogo. Aibu kubwa ilikuwa huyu mwanamume pembeni yangu, ambaye hakusema neno lolote juu ya ile ampli iliyokaa juu ya kabati, na ambaye kwa kutosema alikuwa ameshinda. Sikutaka awe ameshinda.

Nikamwambia watu wamesikia, safu ya kwanza wamesikia na wataambiana, tuondoke tusichelewe mazishi.

"Mama, hawakusikia," alisema.

"Papa, twende," nilimjibu.

Akawasha gari.

Msibani walikuwa wanatungoja. Jeneza lilikuwa wazi juu ya viti viwili uani. Kwetu, mama akiwa hai, yeye ndiye anayemfunika mtoto wake uso kwa mara ya mwisho, na kitambaa kilikuwa kimekunjwa pale pembeni kwa ajili yake. Baba mdogo akaniita mbele ya watu wote, akaniuliza. Nikamtajia mitaa sita, na yote sita ilikuwa kweli. Kisha akaniuliza juu ya kambi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tulifika," nilisema. "Walisikia."

Walingoja mpaka saa tisa na robo. Baba mdogo alitoka mara mbili kutazama barabara, nakumbuka hilo, na ni haki yake nilitaje. Aliporudi mara ya pili alisimama karibu na jeneza akawaambia watu waone wenyewe, mama ameitwa na amekataa kumzika mtoto wake. Wanawake waliguna. Shangazi mmoja akachukua kitambaa, akamfunika msichana uso, na wanaume wakapiga misumari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Ningeweza kusema hata wakati ule. Msumari wa kwanza hata ukishaingia unaweza kung'olewa, nilijua hivyo, na nikahesabu yote mpaka wa mwisho.

Siku zilizofuata nilijiambia kwamba pengine mtu wa safu ya pili alisikia, kwamba pengine mama yule angekataa kuja hata kama angesikia. Nilijiambia hivyo nikifagia, nikipika, nikisali. Mimi na mume wangu hatukugombana; tulipishana ndani ya nyumba tukiombana radhi kama wageni.

Siku ya tano asubuhi, mwanamke mmoja alifika uani kwangu nikiwa nachambua maharage. Alikuwa mwembamba, miguu yake myekundu kwa vumbi mpaka magotini, kitenge kimefungwa vizuri. Aliniamkia, nikamwitikia, na niliposema tu akaitikia kwa kichwa, maana aliijua sauti. Nilimpa kigoda. Akakaa, akaniambia yeye ni mama wa yule msichana.

Alieleza taratibu, bila kuinua sauti. Jirani yake wa kambi alirudi kutoka sokoni siku ya tatu na habari kwamba mtoto wake amezikwa. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa shemeji yake. Wanawake waliokuwa wamekaa matangani hawakusimama kumpokea. Alipotaka kukaa, mmoja akauvuta mkeka wake. Walimwambia gari lilikwenda kumwita na akakataa, na kwamba mama wa gari alisema hivyo mbele ya jeneza. Kwa hiyo amekuja kwa mama wa gari, aulize.

Na mimi, Mungu anisamehe, bado nilimjibu kwamba tulipita. Ndilo neno lililokuwa karibu na kinywa. Aliitikia kwa kichwa tena, kama mtu anayekubali.

"Niliona motokari yenu," alisema. "Nilikuwa nafua mbele ya hema yangu. Nilikuona weye ndani ya kioo, kinywa tu inatembea. Nikafikiri munaimba."

Nilirudisha macho kwenye maharage.

"Ulikuwa unasema mutoto wangu?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia yote: mashine ilivyojizima, mume wangu alivyotaka nishuke, nilivyokataa, na nilivyosema pale mbele ya jeneza. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kulia alikuwa amekaa kwenye kigoda na macho makavu. Hakunibembeleza, na alifanya vema. Hakunitukana pia. Aliningoja nimalize, kisha akasema twende nikawaambie.

Mume wangu alilitoa gari bila kuulizwa. Tulimkuta baba mdogo uani kwake na wanawake wawili watatu wa ukoo, wakikunja turubai la msiba. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku ya mazishi na kusema kwamba nilidanganya, kambini hakuna aliyesikia, mama hakuitwa. Sijawahi kusema tangazo refu kama lile. Baba mdogo alimgeukia mume wangu.

"Na weye ulinyamaza?"

"Nilinyamaza," alijibu mume wangu.

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa furaha. Mzee yule alikaa juu ya kiti. Akasema kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa mtu yeyote, kwamba siku ile angetuma tu pikipiki. Shangazi aliyemfunika msichana uso alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi, na mama akakaa. Hakuna aliyemkumbatia. Alikuwa na swali moja tu, alitaka kujua mtoto alivaa nini. Shangazi akamwambia ni gauni alilokuwa akijishonea mwenyewe, la rangi ya maji ya bahari, pindo lake la chini lilikuwa halijamalizika na wakamzika nalo hivyo hivyo. Mama akauliza kama walau walilibana kwa pini. Shangazi akasema hapana, hawakuwaza.

Tangu hapo familia chache tu zilituita, na hizo chache zilituma pikipiki nyuma yetu kuhakikisha. Baadaye na hizo zikaacha. Niliwaambia ukweli mimi mwenyewe kila waliponiuliza, maana nilikuwa nimechoka kusikia vijana wa mjini wakisema ampli ya kisasa ndiyo iliyotuharibia kazi. Wapenzi wa vitu vya zamani wanapenda sana hadithi yangu. Wanaitumia kama ushahidi. Nawaomba waiache. Ni kweli ile ya zamani isingejizima. Ni kweli pia ingeweza kuungua mchana ule ule na kututia moshi machoni, na mimi, kwa ninavyojijua, ningepata sababu nyingine ya kutoshuka garini. Mashine ilifanya ilivyotengenezwa, ikajiokoa. Hakuna aliyenitengeneza mimi hivyo.

Lakini siku ile ya kwenda kwa baba mdogo ilikuwa haijaisha. Ilipofika saa kumi mama alisema anarudi kambini, na mume wangu akasema tutampeleka. Nilimwachia kiti changu cha mbele, nikakaa nyuma. Tulipofika kwenye safu ya kwanza ya mahema alituonyesha lake, mume wangu akasimama, tukangoja ashuke. Hakushuka. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo.

"Sasa sema," aliniambia. "Vile ulikuwa unasema ile siku. Sema yote."

Mume wangu alizima gari. Karatasi sikuwa nayo, lakini matangazo yote nayajua kwa moyo, hata yale ninayotamani kuyasahau. Sikushika maikrofoni. Nilisema nikiwa nyuma ya kichwa chake, kwa sauti ya kawaida ya mtu na mtu, kwamba familia ina huzuni kubwa kutangaza kifo cha binti yao mpendwa. Nikataja jina lake. Nikataja jina la baba yake, na jina la mama yake. Nikasema mwili uko nyumbani kwa baba yake mdogo, na kwamba mazishi ni leo saa tisa. Hivyo ndivyo tangazo lilivyokuwa, na sikujua kulisema vinginevyo. Nikasema habari ziwafikie ndugu wote popote walipo, na hasa mama yake mzazi, aliyeko kambini, ambaye anangojwa.

"Imenifika," alisema.

Akatafuta mahali pa kufungulia mlango, mume wangu akanyoosha mkono akamfungulia, na akaenda hemani kwake.